Mfupa wa Chini ya Kidole Gumba

Barabara ya Kumi na Mbili,
Ngamiani, Tanga.
11 Septemba 1994

Dada yangu Tabia,

Shikamoo. Salamu zikufikie wewe na wanao, na mkarafuu wenu wa uani kama bado umesimama.

Usishtuke kuona mwandiko si wangu. Mimi nasema, shemeji yako Rahimu anaandika, kwa sababu mkono wangu wa kulia bado umefungwa. Najua Hatibu wa jahazi alishavuka na habari zangu, na najua pia kwamba Hatibu habari moja huizalisha tatu, kwa hiyo bora nikueleze mwenyewe. Sikugongwa na lori. Nilikuwa juu ya baiskeli natoka sokoni na vitambaa vya kofia, mbuzi akakata barabara, nikamkwepa, nikaangukia kiganja. Mbuzi hakupata hata mkwaruzo.

Hiyo ilikuwa Juni. Picha ya kwanza ya hospitali haikuonyesha kitu, na ndiyo kawaida ya mfupa huu, hujificha. Ya pili ndiyo ikautoa hadharani: kimfupa kidogo mfano wa korosho, kiko kwenye kifundo chini ya kidole gumba, kimekatika katikati. Wakanitia plasta. Juzi wameifungua, wamepiga picha nyingine, vipande vile viwili bado vinatazamana kama wake wenza. Daktari anasema mfupa huu hupata damu kidogo, ndiyo maana ni mvivu wa kuunga. Ukikataa kabisa itabidi niende Moshi nikapasuliwe, wachukue kipande cha mfupa wa nyonga wakipachike hapo, na hata wakifaulu kifundo kinaweza kukakamaa. Nawe wajua, dada, kidole gumba na cha shahada ndivyo vinavyoshika sindano. Kofia haishonwi kwa kiwiko.

Kabla ya Moshi, daktari amenipeleka kwa Lea. Huyu ni Mbondei wa Muheza, mtaalamu wa viungo katika kliniki mpya ya watu binafsi hapo Chumbageni, na nakwambia sijapata kuona mtu mwenye mikono mitulivu kama yake. Ana mashine ya mawimbi ya sauti. Sauti yenyewe sikio la mtu haliisikii. Plasta ameikata pande mbili ikawa ganda la kufungua na kufunga kwa bandeji. Nikifika huifungua, natumbukiza mkono ndani ya beseni la plastiki lenye maji, naye hushika kichwa cha mashine ndani ya maji hayo, karibu na kifundo bila kukigusa. Maji ndiyo yanayoichukua sauti mpaka mfupani. Lazima yawe yamechemshwa yakapoa, kwa sababu maji ya bomba yana vipovu, na kipovu huirudisha sauti ilikotoka.

Ukitazama huoni kitu, na ukingoja joto hulipati. Siku ya kwanza nilimuuliza kama umeme wa mgao umeshakatika. Alicheka, akasema kipimo cha mfupa ni kidogo mno, anayetaka joto akaote jua. Nikamuuliza kama itaniponya. Hakunidanganya. Alisema mwili ndio unaounga mfupa, mashine huuhimiza tu, na wapo iliowafaa na wapo isiyowafaa. Ukweli huo ndio ulionifanya nimwamini.

Mama mkwe hajambo, ananitunza vizuri.

(Hapa mimi Rahimu naongeza bila ruhusa. Ndugu yako hawezi kukwambia, lakini akiona kisanduku chake cha nyuzi hulia. Tangu nilipopunguzwa kazi kiwandani, hii mitumba ninayotembeza ni ya kushindia tu, kofia zake ndizo zilizoishika nyumba. Ananiambia nifute. Sifuti.)

Ndimi mdogo wako,
Shadya

*

Wete, Pemba.
27 Septemba 1994

Shadya,

Marahaba, na pole. Nimesoma barua yako kwa sauti hapa barazani, na kila aliyesikia habari ya mbuzi ameuliza swali moja: nani alimtuma mtoto wa Kipemba kupanda baiskeli? Tanga imekuharibu. Huko kwenu hata bibi harusi nasikia huendeshwa kwa baiskeli.

Mashine imenishangaza, na sisemi kwa mzaha. Nimekaa nikaifikiria. Sauti isiyosikika inapita kwenye maji, inaingia kwenye nyama, inakwenda kukigongea kimfupa kilicholala kukiambia amka. Subhana Llahi. Huku Wete bado tunaye mzee anayekuvunjia kuku mguu kwanza, akamfunga yeye na wewe vijiti sawasawa, kuku akitembea nawe unaambiwa umepona. Kuku wangu tangu wasikie habari zako wanalala juu ya mti. Mwambie huyo Lea kwamba yuko mwanamke Pemba hamjui na anamwombea dua.

Umshukuru na Rahimu kwa kuongeza asichoambiwa. Mume anayemwandikia mkewe barua bila kuona haya ni mume, mtunze.

Sasa nikuulize jambo, nawe unijibu. Barua nzima mbuzi umempa mistari, beseni umelipa mistari, kipovu umekipa mistari. Mama Mwanasiti umempa nusu mstari. Huyo ndiye mama mkwe ambaye kila barua ulikuwa ukinijaza masikio kwa sifa zake, mpaka nikawa namwonea wivu kana kwamba amenipokonya mdogo wangu. Leo hajambo, anakutunza, basi. Mimi nimekulea tangu mama yetu alipofariki. Ukinyamaza najua umekalia kitu.

Dada yako,
Tabia

*

Ngamiani, Tanga.
30 Oktoba 1994

Dada Tabia,

Shikamoo. Anaandika tena Rahimu.

Nimepigwa picha, habari si njema. Mfupa haukusogea mbele, na Lea anaona kama pengo limeongezeka. Ameshika picha dirishani muda mrefu, akaweka ya zamani na mpya bega kwa bega. Nimehudhuria kila siku niliyotakiwa, hata siku za mgao tumekuwa tukingoja umeme urudi ndipo tuanze. Kwa hiyo haelewi. Aliniuliza kama nikiwa nyumbani nalifungua ganda. Nikamwambia silifungui.

Daktari amesema watapiga picha ya mwisho mwezi wa kwanza. Ikiwa bado, naandikiwa Moshi.

Ulichoniuliza habari ya Mama, hakuna kitu. Yuko hapa amekaa, anakusalimu sana, anasema karafuu ulizompa Hatibu zimefika na zina harufu ya kweli.

Wasalaam,
Shadya

*

Chumbageni, Tanga.
2 Novemba 1994

Dada,

Huu ni mwandiko wa mkono wa kushoto, uvumilie. Naandikia hapa kliniki nikisubiri zamu. Rahimu hana habari na barua hii. Lea ataitia posta, bahasha nimeifunga, hajui kilichomo.

Nilimwambia Lea silifungui ganda. Ni kweli silifungui. Anayelifungua ni Mama.

Kila siku baada ya sala ya magharibi anakuja na mafuta ya nazi aliyoyapasha moto na karafuu zako. Anaivua bandeji, analiweka ganda pembeni, ananikanda. Mfupa usiokandwa, anasema, huingia baridi. Siku ya kwanza tulikwenda wote kwa Lea, akakaa mlangoni akaona ganda likifunguliwa. Akajua basi kufunguliwa ni ruhusa. Akaona vilevile kwamba Lea hanigusi na maji hayana moto. Mama dawa zote azijuazo zina joto na zina mkono wa mtu. Kwa hiyo akaamini kwamba mashine inafanya nusu ya kazi na nusu wameachiwa watu wa nyumbani. Alifurahi mno kupata sehemu yake.

Kidole chake hupita palepale penye mfupa. Nasikia vipande vikisuguana. Naye huniuliza, "Unasikia raha, mwanangu?" Namwambia nasikia raha.

Usinitukane. Unakumbuka mimba yangu ilipoharibika mara ya pili. Mashangazi wa Rahimu walikaa ukumbini, wakasema kijana aozwe mwingine. Mama akatoka jikoni na sufuria la maji ya moto, akapita katikati yao, akasema huyu ndiye binti yangu, anayetamani harusi akaolewe yeye. Kisha akaja akanikanda. Akanikanda arubaini nzima kana kwamba nimezaa mtoto hai. Wewe ulikuwa ng'ambo, bahari imechafuka. Dada, mikono ile ndiyo iliyonirudisha duniani. Leo niiambie inanidhuru? Na kumweleza Lea ni kuitoa siri ya nyumba kwa mgeni.

Nataka mkono wangu. Nauota nikishona. Lakini sijui nianzie wapi.

Uniapie hutamwambia Mama wala Rahimu.

Shadya

*

Wete, Pemba.
16 Novemba 1994

Kwa Bi Lea,
Mtaalamu wa viungo, Chumbageni.

Asalaam aleikum. Hunijui, mimi ni Tabia, dada wa Shadya, yule mwenye mfupa mvivu. Leo nakuletea habari kwamba mfupa si mvivu hata kidogo. Mfupa unafanya kazi mchana na kubomolewa jioni.

Mama mkwe wake humfungua ganda kila siku akamkanda kwa mafuta ya moto, naye mdogo wangu amebana meno anasema raha. Aliniapisha nisimwambie mumewe wala mama mkwe. Wewe hakukutaja, na mimi si mtu wa kuongeza majina kwenye kiapo cha mwenzangu. Mungu atanisamehe, au hatanisamehe, tutajua mbele.

Nilipoisoma barua yake nilitaka kuvuka siku ileile nikamnyang'anye yule mama chupa ya mafuta. Nimekaa, nimekunywa maji, nimemfikiria mtu mwenyewe. Bi Lea, Mwanasiti si mwanamke mjinga wala si mkaidi. Nusu ya watoto wa Ngamiani wamepita mikononi mwake, na mama zao pia. Mtoto akizaliwa amelegea, huitwa yeye. Mzazi akiwa hawezi kusimama, huitwa yeye. Haombi kitu. Mdogo wangu amempenda kwa haki, nami kwa kweli namheshimu, ijapokuwa kwa sasa nimemkasirikia.

Ninalokuomba ni hili. Ukimkemea yule mama mbele za watu, utamaliza kukanda na utamaliza na heshima yake pia. Shadya atachagua kuukosa mkono kuliko kumwona mama yule ameaibika, namjua, ndivyo nilivyomlea. Wewe umesoma, utajua la kufanya. Lakini anza na shikamoo, na usiwe na haraka.

Mkono ule ndio chakula chao. Na si chakula tu, ndio furaha yake yote. Kuna kofia moja aliyomshonea mume wangu, ukiitazama dhidi ya mwanga utadhani imeshonwa na buibui aliyesoma. Nakuomba kama ninavyomwomba ndugu.

Tabia binti Shaame

*

Chumbageni, Tanga.
5 Desemba 1994

Dada Tabia,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, nimecheka na nimeona haya. Nimeona haya kwa sababu nilimuuliza Shadya kama analifungua, sikumuuliza kama linafunguliwa. Na mama mzima amekaa mlangoni kwangu siku nzima ya kwanza, sikumwambia hata neno moja la kinachofanyika. Ningemwambia, yote haya yasingetokea. Kosa hilo ni langu.

Nilimtuma Rahimu amwambie mama yake kwamba namhitaji. Alikuja amevaa leso mpya, chupa ya mafuta ndani ya kikapu, uso umeng'aa. Nilimwamkia, nikampa kiti ndani, si mlangoni. Nikamwambia ukweli ambao ulikuwa kweli: kwa sababu ya mgao huu birika langu la umeme halina maana tena, nataka mtu wa kunichemshia maji kwa mkaa, ayapoze yakiwa yamefunikwa, ayalete bila kuyatikisa, ayamimine ubavuni mwa beseni polepole. Nikamwonyesha vipovu vidogo vilivyoganda kwenye ngozi ya mkono wa Shadya pale maji yanapokuwa mabichi. Alivitazama kwa karibu, akavifuta kwa kidole, akasema amefahamu, sauti haipendi hewa.

Kisha nikatoa zile picha mbili nikazibandika kwenye mwanga. Sikusema kitu zaidi ya kumwonyesha mfupa uko wapi. Akazitazama muda mrefu. Shadya alikuwa amekaa pale mkono umo majini, ameinamisha uso kama mtoto anayengoja kuchapwa. Mama akaniuliza, "Na mfupa huu ukikandwa?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuzunguka, dada. Yalinipotea. Nikamwambia, "Hutikisika, mama. Kila unapoanza kushikana huachana."

Akasema, "Basi ni mimi." Hakusema sikujua, hakusema mbona hamkuniambia, ingawa yote mawili yangekuwa haki yake. Nimefanya kazi na watu waliosoma miaka mingi, mimi mwenyewe nikiwamo, na sijamsikia mmoja wetu akilisema neno hilo upesi vile. Nilitoka nje nikajifanya natafuta taulo.

Niliporudi akaniuliza jambo jingine. Yuko jirani yake aliyeteleza kisimani akavimba kifundo cha mguu, naye amekuwa akimkanda. Je, na huyo? Nikamwambia sijui mpaka apigwe picha. Kesho yake asubuhi alikuja naye, amemshika kiunoni, akamwambia mbele yangu na mbele ya wagonjwa wote waliokuwa barazani: mimi nilikuwa nakukanda bila kujua kilichomo ndani, mwache kwanza huyu binti atazame.

Picha ya mwezi wa kwanza sikuahidi itakuwaje. Tumepoteza muda. Ila sasa angalau tunaanza kweli.

Wako,
Lea Mhina

*

Ngamiani, Tanga.
20 Desemba 1994

Dada,

Shikamoo, msaliti mkubwa we.

Nilikukasirikia kwa muda wa kutoka kliniki mpaka nyumbani, zaidi ya hapo nikachoka. Naandika kwa kushoto kwa sababu haya sitaki Rahimu ayaandike, ingawa sasa anajua yote, mama yake alimwambia mwenyewe kabla hajavua viatu.

Jioni ile Mama hakuleta mafuta. Alikuja mikono mitupu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza kwa nini sikumwambia inauma. Nikamwambia niliogopa kumvunja moyo.

"Moyo wangu ukivunjika utaunga wenyewe," akasema, "hauhitaji beseni la Lea. Wewe ndiye unayehitaji kupigwa picha ya kichwa." Akacheka, mimi nikalia, naye akaacha kucheka. Tukakaa hivyo hadi adhana ya isha.

Tangu hapo sijui nikueleze vipi. Maji ameyafanya ibada. Anayachemsha alfajiri, anayafunika, hapana ruhusa mtu kupita karibu na sufuria lile akikanyaga kwa kishindo. Kwenda Chumbageni dumu hubebwa na Rahimu kwenye baiskeli, naye Mama anatembea ubavuni akimkemea kila penye shimo, polepole we, unayatia hewa. Watu wa barabara yetu wote sasa wanajua habari ya hewa na sauti. Akija mgeni akataka kunishika mkono kunisalimia, Mama humpa wa kwake.

Lakini dada, kuna jambo linanisononesha. Hanigusi tena. Si mkono tu. Bega lilinikaza juzi nikamwomba anikande kidogo, akasema kamwite Lea. Na jana wamekuja kumwita kwa mzazi wa barabara ya tano, amekataa, kasema anaumwa. Haumwi. Nimemkuta chumbani amekaa, mikono ameifunika chini ya leso.

Shadya

*

Ngamiani, Tanga.
24 Februari 1995

Dada yangu Tabia,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwenu nyote.

Nimeshika sindano. Nimeona nikwambie hilo kwanza, mengine usome ukiwa umekaa. Leo nimetoboa tundu na kuzizungushia uzi, safu moja fupi, kazi ya mtoto wa chuoni, mtu akinunua kofia ile ni kwa huruma. Lakini ni mkono wangu wa kulia, na ni kidole gumba changu, na sindano haikuanguka.

Picha ilipigwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Lea aliibandika kwenye mwanga, akamwita Mama kwanza kabla yangu. Ule mstari mweusi uliokuwa ukikikata kimfupa katikati umejaa, umebaki weupe tu kama kovu. Daktari akaja akatazama, akasema Moshi hapana tena. Lea alisema hawezi kuapa ni mashine au ni kutulia kwa ganda au ni vyote, na kwamba nisimtangaze sokoni kana kwamba ana miujiza. Nimeshamtangaza. Mtu mkweli namna ile asipotangazwa atangazwe nani?

Basi furaha ile ikapata mwiba. Ganda lilipoondolewa kabisa, kifundo hakikukunjika. Kidole gumba kilisimama kama kijiti. Nilipojaribu sindano nyumbani ilianguka, nikaiokota, ikaanguka, mpaka Rahimu akakificha kisanduku cha nyuzi. Nikafikiri, mfupa umepona na mkono umekufa.

Lea hakushangaa. Alisema kiungo kikikaa muda mrefu ndivyo kinavyokuwa, mashine imemaliza kazi yake, sasa mkono unataka kukandwa kila siku, taratibu, kwa mafuta ya uvuguvugu. Akamgeukia Mama akamwambia, "Hii sasa ni zamu yako, mama. Mfupa umeshikana, hautaachana."

Mama akatazama chini. Akasema watafute mwingine.

Nikamjaribu Rahimu. Dada, yule mwanamume ana moyo wa dhahabu na vidole vya fundi gereji, nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Lea alikuwa akinikanda nikienda, lakini ana wagonjwa wengi siku hizi, naye alisema wazi kwamba mara moja moja haitoshi, nisipopata mtu wa kila siku kitabaki hivyo hivyo. Nikamweleza Mama. Akaniletea uji.

Siku chache baada ya mwandamo, tulipomaliza kufuturu, nilipasha mafuta mwenyewe. Nikaenda chumbani kwake, nikakaa kwenye mkeka, nikauweka mkono wangu juu ya paja lake. Mikono yake alikuwa ameiweka palepale chini ya leso. Hakuitoa. Kisha akauliza, "Na nikikosea?"

Nikamwambia, "Nitakwambia."

"Mwaka jana hukuniambia."

"Mwaka jana nilikuwa naogopa, Mama."

Alinitazama kwa muda, nami safari hii sikuinamisha uso. Akaitoa mikono. Akachovya vidole kwenye mafuta, akaanzia mbali, kwenye kiwiko, akawa anashuka kidogo kidogo. Akafika kwenye kifundo. Akafika chini ya kidole gumba.

Nikamwambia, "Hapo panauma, Mama."

Akapunguza.

Mdogo wako,
Shadya